Unalipia Njia, Hulipii Nati

  Vijana wa gereji ambao saa hizi bado mnapangusa spana kwa mafuta ya taa, poleni na kazi. Mazungumzo ya leo yanawahusu, lakini zaidi yanamhusu yule mteja wenu anayesimama mlangoni, mikono kiunoni, akiuliza kwa nini gari lake halijaisha.

Tunazungumzia pikapu kuukuu. Nazo tunazijua: Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Land Cruiser zenye mkonga, Landrova 109 ambazo mpaka leo zinashusha mahindi kutoka mashambani, na zile Peugeot 504 zilizokuwa zikiunganishwa Mombasa. Gari la namna hii likiharibika, mara nyingi kifaa chenyewe hakitishi bei. Unakwenda Gerezani au Kariakoo, mnavutana kidogo na muuzaji, unaondoka nacho kimefungwa kwenye gazeti. Kelele zinaanza ukifika kwa fundi.

"Fundi, kufunga stata tu ndiyo bei hiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Si bolti mbili tu?"

"Ni mbili, mzee wangu. Ya chini naitoa sasa hivi, hata chai yako haijapoa. Ya juu ndiyo inayonifanya nikutajie bei hiyo."

Mzee anacheka kwa hasira, anadhani anaibiwa. Je, anaibiwa? Mara nyingine ndiyo, tusidanganyane, wajanja wapo. Lakini kwa bolti ile ya juu ya stata, fundi anasema kweli. Kuizungusha bolti ni kazi ya dakika moja. Kuifikia ndiko kunakokula mchana. Kwa hiyo nasema hivi, na nitalirudia: kwenye pikapu kuukuu unalipia njia, hulipii nati.

Sasa tujiulize. Hawa waliotengeneza gari, waliwezaje kuikaza bolti ambayo mkono hauingii? Walikuwa na vidole vya namna gani?

Nyingi ya pikapu hizi zina chesisi peke yake na bodi peke yake. Kule kiwandani, chesisi hupita ikiwa tupu. Inafungwa ekseli, inafungwa springi. Enjini na giaboksi vinaunganishwa pembeni, mahali peupe, kisha vinateremshwa vikiwa kitu kimoja. Kabini inakuja baadaye, inashushwa kutoka juu na kufungwa. Ina maana mfanyakazi aliyekaza bolti zile za juu alikuwa amesimama wima, bolti iko mbele ya kifua chake, hakuna sakafu ya dereva, hakuna ukuta wa dashibodi wala mipira ya hita. Alikaza akaenda kula. Wewe na fundi wako mnakuja miaka thelathini baadaye, kabini iko juu yake, na mnataka kuifungua kwa kupitisha mkono kwenye uwazi ambao kiwandani haukuwa uwazi wa kazi hata kidogo.

Ukilielewa hilo, msikilizaji wangu, umeshapata nusu ya ufundi. Fundi mzuri haanzi kwa kushindana na bolti. Anajiuliza: ni kitu gani kilifungwa baada ya hiki? Anatoa hicho kwanza. Fundi mwenye papara anaingiza mkono, anachubuka, anaita nyundo.

Nikupe mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Klachi ya Hilux imekwisha. Lazima giaboksi ishuke. Giaboksi imeshikwa na enjini kwa bolti zinazozunguka kengele yake, ile nyumba ya klachi. Za chini unaziona. Za pembeni unazipapasa. Za juu kabisa, zilizo chini ya sakafu ya kabini, huzioni na huzipapasi. Ukiwa chini ya gari unaona mgongo wa giaboksi tu, na juu yake kuna uwazi ambao viganja viwili havipiti.

Mafundi wanafanyaje? Kwanza wanaingia ndani ya kabini. Wanafungua skrubu za ile mipira ya mguuni kwenye gia. Chini yake kuna kofia inayoshika fimbo ya gia; kwenye Hilux nyingi za zamani unaikandamiza chini kwa mikono miwili, unaizungusha kidogo, inaachia, fimbo inatoka mzimamzima mkononi. Tundu linazibwa kwa tambara safi papo hapo, maana skrubu ikidondokea ndani ya giaboksi tutakuwa na mazungumzo mengine kabisa. Kisha wanarudi chini: propela inatoka, kebo ya spidi inatoka, nyaya za taa ya rivasi zinachomolewa, silinda ndogo ya klachi inafunguliwa na kuning'inizwa pembeni bila kukatwa bomba lake.

Halafu ndiyo unakuja ufundi wenyewe. Jeki inawekwa chini ya giaboksi. Membari inayoibeba giaboksi kwa nyuma inafunguliwa. Jeki inateremshwa polepole. Enjini imekalia maunti zake mbili za mbele, kwa hiyo mkia wa giaboksi ukishuka, enjini nzima inainama kwa nyuma. Na ule uwazi wa juu, uliokataa viganja viwili, unafunguka.

Sasa fundi analala chini, nyuma kabisa ya giaboksi, kichwa kikiwa pale propela ilipokuwa. Anaunga ekstensheni moja kwa nyingine mpaka zinazidi urefu wa mkono wake. Mbele kabisa anaweka kile kiungo kinachojikunja, halafu soketi. Fimbo hiyo ndefu inapita juu ya mgongo wa giaboksi, inateleza taratibu, inatafuta kichwa cha bolti gizani. Kiungo kile kina tabia ya kulegea na kuangusha soketi kila ukikaribia, kwa hiyo wenye uzoefu wanakizungushia utepe wa umeme mara kadhaa: kinakaza, ila bado kinakubali kupinda kidogo. Soketi ikikaa, utasikia mlio mdogo. Ratcheti iko huku nyuma, mahali penye nafasi ya mkono kuvuta. Bolti iliyoonekana haiwezekani inafunguka fundi akiwa mbali nayo.

Lakini kabla ya kuinamisha enjini, mtu mmoja asimame mbele. Kwa nini? Nyuma ikishuka, mbele inapanda. Feni inaweza kugusa kava la rejeta. Mipira ya hita inavutika, kebo ya mafuta inavutika. Yule wa mbele kazi yake ni kutazama na kusema "simama". Nimeona gereji ambako kazi hiyo anapewa mtoto, naye anatazama watu wanaopita barabarani.

Na tukiwa chini ya gari: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Narudia. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Kama huna stendi, tafuta magogo mazito ya mti yaliyokatwa bapa. Tofali la saruji usiliamini hata siku moja. Linapasuka bila kukupa taarifa.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na stata yake, maana nimemwacha mlangoni.

Kazi ya stata haianzii kwenye stata, inaanzia kwenye betri. Waya wa hasi utoke kwanza. Ule waya mnene unaokwenda kwenye stata unatoka moja kwa moja kwenye betri, na kwenye gari hizi hauna fyuzi katikati. Spana yako ikigusa pale na ikagusa chesisi, utaona cheche ambazo hukuzitarajia, na spana inaweza kuganda palepale. Waya ukishatoka, njia ziko mbili au tatu, kutegemea enjini. Kwenye gari nyingi, njia nzuri ni kutoa tairi la mbele la upande ule na kipande cha mpira au bati kilicho nyuma ya madigadi. Ghafla unaona stata kwa ubavu, na ekstensheni ndefu inakwenda moja kwa moja bila kupinda. Mzee akikuta gari lake halina tairi wakati alileta stata, anashtuka. Mwelezeni. Tairi limetolewa kwa sababu ya njia.

Kwenye 504 mambo yana mkasa wake. Peugeot walilaza enjini ile ya petroli ubavu, kwa nyuzi 45, boneti iweze kukaa chini. Upande mmoja ukawa kweupe, unaona mpaka ardhini; upande wa pili, ule ulioinamiwa, ukawa wa kupapasa. Fundi aliyezoea Toyota akifika hapo anaanza kumlaumu Mfaransa. Hasaidiki kwa hilo.

Landrova ndiyo iliyowahurumia mafundi. Wale waungwana wa Solihull walifanya sakafu ya mbele iwe vipande vya aluminiamu vilivyoshikwa kwa skrubu na bolti, na hata lile handaki linalofunika giaboksi linatoka. Ukishavitoa, unakaa ndani ya gari, miguu inaning'inia kando ya giaboksi, unafanya kazi ukiwa umekaa kama mtu mwenye heshima zake. Ubaya wake ni mmoja: skrubu za chuma ndani ya aluminiamu, zikikutana na maji, zinang'ang'aniana. Unaweza kutumia asubuhi yote kutoa sakafu ya gari ambalo lilibuniwa sakafu itoke upesi.

Hapo tumefika kwenye kutu, na kutu nayo ni sehemu ya njia. Fundi wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja hana kazi moja na fundi wa Dodoma. Chumvi ya bahari inakula nyuzi za bolti kimyakimya. Dawa yake ni subira, na subira hiyo inaanza jana yake. Mteja alete gari jioni, bolti zinazojulikana kwa ubishi zisuguliwe kwa brashi ya waya, zipigwe mafuta ya kulainisha kutu, zilale nayo. Asubuhi, kabla ya kufungua, jaribu kuikaza kwanza nywele moja, halafu ndiyo ufungue. Kile kidogo cha kwanza kinavunja kutu. Ukianza na kufungua kwa nguvu, na spana isiyokaa sawasawa, unaifanya pembe sita kuwa duara. Toyota wanapenda namba 10, 12, 14, 17. Namba 13 ikionekana inaingia kwenye 14 kwa kubanwa, au 15 inaizunguka kwa kuchezacheza, acha. Kwenye bolti iliyojificha huna nafasi ya pili.

Twende nyuma ya Hilux. Geji ya mafuta imeacha kusema kweli: tangi limejaa, mshale umelala. Kile kifaa cha kupima mafuta kiko juu ya tangi, na tangi liko chini ya bodi ya kubebea mizigo. Unafikaje? Wengi wanashusha tangi. Wanamimina mafuta, wanafungua mikanda yake, na linaposhuka sentimita chache wanagundua kwamba mabomba ya juu ni mafupi na mikono haifiki kuyachomoa. Sasa tangi linaning'inia, halishuki, halipandi.

Njia nyingine watu wanaiogopa kwa sababu inaonekana kubwa: nyanyua bodi. Kwenye pikapu hii, bodi ya nyuma haikuungana na kabini. Imekalia chesisi kwa bolti zinazohesabika kwa vidole. Fungua hizo, chomoa nyaya za taa za nyuma, fungua shingo ya kujazia mafuta, ita vijana wanne, wawili kila upande. Bodi inanyanyuliwa na kuwekwa pembeni. Juu ya tangi kuko wazi, unafanya kazi umesimama. Bomba la breki linalopita kwenye chesisi unaliona lote, nyaya zilizotafunwa na panya unaziona. Hata ukitaka kunyanyua upande mmoja tu na kuweka magogo, inawezekana. Kwa maoni yangu, fundi anayeanza na bodi kwenye Hilux ana akili kuliko anayeanza na tangi, isipokuwa bolti za bodi ziwe zimeoza kabisa.

Iko njia ya tatu, na hii naisema ili niipige marufuku. Mtu anachukua mashine ya kukatia chuma, anatoboa sakafu ya bodi juu ya tangi. "Tundu dogo tu, tutaweka kifuniko." Ndugu yangu, cheche juu ya tangi la petroli! Na usiniambie limemwagwa, liko tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Ukimwona fundi ameshika mashine hiyo nyuma ya pikapu yako, kwanza ondoka karibu, halafu umwite kwa sauti.

Kwenye stata nako kuna njia ya mkato, haina moto lakini nayo inauma. "Bosi, hii ya juu tuiache, moja inatosha." Stata inafungwa kwa bolti ya chini peke yake. Inafanya kazi! Gari linawaka, mteja anafurahi, analipa kidogo. Lakini kila unapowasha, stata inajivuta upande. Kigia chake hakikutani sawasawa na meno ya flaiwili, kinayatafuna. Baada ya muda unasikia mkwaruzo, gari linawaka mara moja, mara haliwaki. Na meno ya flaiwili yakiliwa, kuyabadilisha kunataka nini? Giaboksi ishuke. Umekwepa bolti moja, umenunua kazi ya klachi nzima.

Ndiyo maana nasema pia, njia ikishafunguka, usiwe bahili kwa majirani. Giaboksi iko chini, umekuja kubadilisha sahani ya klachi. Presha pleti ikoje? Bearing ya kuachia klachi inalia? Ile bearing ndogo ya katikati ya flaiwili? Sili ya nyuma ya krenki inavuja oili? Vitu hivi, ukivipanga juu ya meza, bei yake haifanani na gharama ya kuishusha giaboksi mara ya pili. Hapa wateja ndio wagumu. Fundi anakuonyesha sili imelowa oili, unamwambia "funga tu, tutaona baadaye". Baadaye ni miezi mitatu, na unalipia njia ileile tena.

Niseme na vijana sasa, maspanaboi. Mnatumwa kuingiza mikono kwa sababu mikono yenu ni myembamba, hilo linajulikana. Msiingize mkono penye enjini iliyozimwa dakika tano zilizopita. Eksozi haisahau upesi. Vueni saa na pete. Simu zenu, ambazo mnatukanwa kwa sababu yake, zina faida hapa: washa taa, ipitishe nyuma ya enjini, piga video, halafu utazame bolti imekaaje kabla ya kuchagua spana. Nati ya kurudisha mahali pabaya itieni grisi kidogo ndani ya soketi, inashika haidondoki. Ikidondoka, msijifanye hamkusikia. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye waya imeokoa gari nyingi. Na ile spana aliyoikata na kuipinda fundi wenu mkuu kwa ajili ya bolti moja tu ya gari moja tu, msicheke mkiiona ukutani. Aliipinda kwa sababu aliwahi kukwama.

Kwa mwenye gari nina swali moja la kukupa, uende nalo gereji. Kabla ya kukubaliana bei, usiulize "itachukua muda gani?" Uliza: "Fundi, utapitia wapi?" Anayelijua gari atakujibu bila kusita. Atasema natoa tairi la kushoto, natoa kava, naingia kwa ubavu. Au atasema naanza ndani, natoa fimbo ya gia, nashusha mkia. Bei mtakayojadili hapo ni ya kazi mnayoiona wote wawili. Akikujibu "usijali bosi, tutaona hukohuko", basi ujue hiyo njia ataitafuta kwa gari lako. Uamuzi ni wako. Wengine ndivyo walivyojifunza, na gari la kujifunzia lazima liwe la mtu.

Mkikubaliana, lete gari jioni kama nilivyosema, mafuta ya kutu yapate usiku wake. Toa mizigo yote nyuma, hata yale mawe unayobeba usikwame kwenye matope. Toa na vitu vya chini ya kiti, maana fundi ataingia ndani. Na kazi ikiisha, omba uonyeshwe kifaa cha zamani, kisha uhesabu naye bolti zilizobaki kwenye kopo. Zisibaki.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya breki, hasa lile bomba linalopanda juu ya ekseli ya nyuma, ambalo wengi wanalikumbuka siku pedali inapofika sakafuni. Walionitumia maswali kuhusu pampu ya nozeli, nimeyaona, yanakuja. Mafundi wa taarifa ya habari wako tayari. Usiku mwema.